Mume wangu kaniambia madeni yake yote, mimi nikamwambia sina deni

SWALI

Shikamoo anti. Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali na mimi napika chai, chapati na maharage pembeni ya stendi ya daladala, naanza saa 11 alfajiri, mpaka saa 5 nakuwa nimeshamaliza nakusanya vyombo. Nakuandikia usiku wote wamelala maana hili jambo sijui nimwambie nani.

Iko hivi. Jumapili iliyopita tulikaa tupange bajeti, wazo lilikuwa langu, maana mwezi unaisha hatuoni hela imeenda wapi wakati wote wawili tunafanya kazi na hatunywi pombe wala nini. Akaleta daftari la hesabu lile la vimiraba, akapiga mstari katikati, huku kinachoingia, huku kinachotoka. Mshahara wake ukishakatwa mkopo wa benki (tulikopa tukajenga msingi na boma kule Chanika) anabaki na 430,000. Nikamwambia basi mwezi huu nipe kadi niende mwenyewe kwa wakala nikatoe, tugawe pamoja hapa hapa mezani. Akakaa kimya. Akawa anarudia rudia kuchora ule mstari wa katikati mpaka karatasi ikatoboka, afu ndo akaniambia mama kadi sinayo.

Kumbe mwezi wa kwanza wakati mkubwa wetu anaenda form one, tukawa tunatafuta hela ya godoro, sanduku, sare na vile vitu vyote vya bweni, alienda kwa mkopeshaji mmoja akachukua 600,000 akaacha kadi ya benki na namba ya siri. Riba ni 120,000 kila mwezi. Mshahara ukiingia yule mtu anatoa hela yote, anakata 120,000 yake ya riba, anampa mume wangu 310,000. Na ile 600,000 iko pale pale anti, haijapungua hata mia! Toka mshahara wa mwezi wa pili mpaka huu wa saba. Mi nilikuwa nadhani benki ndo wameongeza makato.

Alilia. Sijawahi kumuona analia, hata baba yake alipofariki. Akaniomba msamaha, akasema kuanzia leo hatufichani, afu akaniuliza, na wewe je mama, kuna sehemu unadaiwa? Nikamwambia sina. Yani lilitoka tu mdomoni, sijui kwa nini.

Ukweli ni kwamba nadaiwa. Mwezi wa tano nilifiwa na kaka yangu Korogwe, yeye mume wangu alinipa 50,000 ya nauli nikamwambia inatosha maana nilijua hana, ila haikutosha, mtaji wangu wote uliishia kwenye msiba. Niliporudi sina hata ya unga, nikachukua mkopo wa kausha damu 300,000, unarudisha 13,000 kila siku kwa siku 30, na Jumapili ambayo siuzi nayo inahesabika. Nilipomaliza mtaji ukawa umeyumba nikachukua tena, nikamaliza nikachukua tena, sa hivi niko mzunguko wa tatu, nimelipa siku 12 zimebaki 18. Yule kijana wa marejesho anakuja saa 4 kamili, anakaa kwenye benchi la wateja wangu, anaagiza chai na chapati mbili, anasubiri nimpe, anasaini kwenye kikadi changu anaondoka. Na ile chai halipi. Kile kikadi nakificha kwenye ndoo ya unga.

Afu kuna kikundi chetu cha vikoba, nilikopa 200,000 juzi, nikaongezea kidogo tukalipia kodi ya nyumba ya miezi mitatu, 80,000 kwa mwezi (hii anaijua ila anadhani ni akiba yangu), natakiwa kurudisha 220,000 kabla hatujavunja kikundi mwezi wa 12. Dukani kwa Mangi tunadaiwa 87,000 na Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, kwenye laini yangu 35,000.

Kwa siku nauza kama 61,000, vitu vya kupikia vinakula 45,000, inabaki 16,000, nikitoa rejesho nabaki na 3,000 ya umeme na maji na mambo madogo madogo ya watoto. Yeye ndo anatoa hela ya kula, 10,000 kwa siku.

Sasa anti, nimwambie au nimalize kimya kimya hizi siku 18 iishe? Naogopa ataniona muongo, yeye kafungua moyo wake mi nikafunga. Dada yangu ananiambia nyamaza, hela ya mwanamke ni yake na madeni yake ni yake, mwanaume hapaswi kuyajua. Na bajeti tutaipangaje ili tutoke humu? Jumapili hii anataka tukae tena.

Mama wa watatu, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu. Na pole sana kwa kaka, naona msiba wenyewe hata hukupata nafasi ya kuomboleza vizuri, ulirudi ukaanza kukimbizana na rejesho.

Mwambie. Na umwambie kabla ya hiyo Jumapili, usisubiri mpaka mmeshika daftari. Najua dada yako anakutakia mema, na hilo la hela ya mwanamke ni yake hata mimi nimekuzwa nalo na silipingi, mwanaume ndo anaacha hela ya matumizi, hiyo ni heshima yake. Ila angalia deni lako lilitokea wapi. Hukukopa ukanunua vitenge. Ulikopa kwa sababu mtaji wa nyumba uliisha msibani, na huo mtaji ndo unaolipa umeme na maji ya nyumba hiyo hiyo. Hilo ni deni la nyumbani kama lile la godoro la bweni lilivyo la nyumbani, ila kila mmoja wenu aliubeba mzigo peke yake usiku ili mwenzake asiumie. Mlikuwa mnahurumiana, na huko kuhurumiana kimya kimya kumewagharimu hela nyingi sana, nitakuonyesha hapa chini.

Na kuna sababu nyingine ya hesabu tu. Bajeti yenye tundu la 13,000 kila siku ambalo mmoja halijui haiwezi kusimama. Atapanga vizuri, atakwambia mama wewe utachangia 10,000 kwa siku maana unapata 16,000, utasema sawa, na kesho yake itabidi ukope ili uonekane umechangia. Huo ndo mzunguko wa nne unaanza hapo.

Namna ya kumwambia: watoto wakishalala, ameshakula, toa kile kikadi kwenye ndoo ya unga ukiweke mbele yake, usianze na maneno mengi. Mwambie Jumapili uliponiuliza nilikudanganya, niliogopa, na hiki ndo kinachonidai. Mpe namba zote siku hiyo hiyo na ya vikoba na ya Songesha, usimpe nusu leo na nusu wiki ijayo, mtu akigundua la pili anaanza kutafuta la tatu. Atakasirika labda siku moja mbili, muache akasirike, ana haki. Ila ni mtu aliyetoka kulia mbele yako kwa kosa hilo hilo, sidhani kama atakurushia jiwe.

Sasa hela. Nimekaa na kalamu kwenye hesabu zako mara mbili, maana mimi mwenyewe nimekuwa mweka hazina wa kikundi miaka mingi na najua mtu akisoma kwa haraka anaona madeni yote sawa, kumbe hayako sawa kabisa.

Ukitoa ule mkopo wa benki, mnadaiwa hivi: kwa mwenye kadi 600,000, kausha damu siku 18 mara 13,000 ni 234,000, kikundi 220,000, Mangi 87,000, Songesha 35,000. Jumla 1,176,000. Itakushtua ukiiona imeandikwa lakini ni afadhali ikushtue ikiwa kwenye karatasi.

Angalia la kadi. Miezi sita mara 120,000 ni 720,000. Mmeshamlipa yule mtu zaidi ya alichowapa na bado anadai chote! Hiyo ni asilimia 20 kwa mwezi. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni za mikopo zisizopokea amana, ndo wale wanaitwa daraja la pili, maana yake kwa 600,000 riba ya mwezi isingezidi 21,000. Na anayekopesha watu kama biashara anatakiwa awe na leseni kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, leseni yenyewe inatakiwa uione ofisini kwake. Wengi wa hawa wa kushika kadi za walimu hawana. Naelewa pia mume wako alifikaje huko, mtumishi wa umma makato hayatakiwi kumshusha chini ya theluthi moja ya mshahara, akishafika hapo benki haiongezi tena, na mlango unaobaki wazi ni huo wa mtaani. Siyo ujinga, ni kubanwa.

Yako nayo: 13,000 mara 30 ni 390,000, riba 90,000, watu wanasema asilimia 30. Kwa kweli ni mbaya kuliko hiyo, maana unaanza kurudisha kesho yake, ikifika siku ya 15 mkononi umebaki na nusu ya hela lakini riba unalipa ya hela nzima. Na mizunguko mitatu ni 270,000 ya riba tupu, karibu sawa na mtaji wenyewe uliochukua. Ndo maana nikasema kuhurumiana kwenu kumewagharimu, jumlisha 720,000 na 270,000 uone, ni 990,000, hapo Chanika mngekuwa mnaongea mambo mengine.

Kwaiyo fanyeni hivi. Kausha damu iacheni iishe yenyewe, siku 18, usiikimbize wala usiilipe mara mbili kwa siku maana ukiwahi kumaliza hawakupunguzii riba (muulize yule kijana, kama wanapunguza hapo ni jambo lingine). La muhimu ni siku ya 18 usichukue tena. Siku ya 19 ile 13,000 inakuwa ya kwenu, na hiyo ndo silaha mliyonayo, hamna nyingine. Mshahara hauna nafasi, 310,000 mnayopewa inaisha yote kwenye chakula. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanapanga bajeti kwenye mshahara kwa sababu ni hela kubwa inayokuja mara moja, wakati hela ya kuwatoa kwenye shimo iko kwenye sufuria ya maharage.

Hiyo 13,000 igaweni, 3,000 ya kodi na 10,000 ya madeni, kwa siku unazouza, tuseme 26 kwa mwezi. Kodi itakuwa 78,000, karibu kabisa na 80,000 ya mwezi, na haitawashtukiza tena mkakimbilia kikundini. Siku nane za kuuza zitakazobaki mwezi huu wa nane zitakupa 80,000 ya madeni, lipa Songesha yote 35,000, ile inakatwa yenyewe kila hela ikiingia kwenye laini na inakuvuruga hesabu, 45,000 iende kwa Mangi abaki na 42,000. Mangi mtu wa kuongea naye, mwambie ukweli na mwambie lini, na kuanzia hapo mnunue kwa hela mkononi.

Mwezi wa tisa 260,000 yote iende kwa mwenye kadi, kwenye deni lenyewe siyo kwenye riba. Inabaki 340,000, na riba ya mwezi wa kumi inashuka kutoka 120,000 mpaka 68,000. Umeona? Hapo mmeshapata 52,000 bila kuuza chapati hata moja ya ziada. Hiyo iongezeni kwenye kodi ya mwanzo wa mwezi wa 11, ukijumlisha na za kila siku mtakuwa na 232,000, hiyo 8,000 iliyopelea hamtashindwa. Mwezi wa kumi tena 260,000 kwa mwenye kadi, inabaki 80,000, riba 16,000. Mwezi wa 11 mna 260,000 na 104,000 iliyopona kwenye riba, jumla 364,000, mnafunga kadi 80,000, kikundi 220,000, Mangi 42,000, na mnabakiwa na 22,000. Kikundi hakijavunjwa bado.

Hii ni hesabu ya karatasi na mimi najua maisha. Kutanyesha siku tatu stendi haina mtu, kutakuwa na msiba, kutakuwa na mchango wa harusi ya mtu ambaye hamuwezi kumkatalia. Mkichelewa mpaka mwezi wa kwanza siyo kufeli. Ila kubalianeni sasa hivi kiasi cha michango kwa mwezi, hata kama ni 10,000, na mtu akija mmoja wenu aseme tumeshapanga na mwenzangu. Hilo neno mwenzangu litawaokoa sana.

Kwa mwenye kadi nendeni wote wawili. Siyo kwa ugomvi, na siyo kuanza kumtishia Benki Kuu mlangoni. Mwambieni tunataka kumaliza, tutakuwa tunaleta hela ya deni juu ya riba, tunaomba tuandikiane kiasi kilichobaki, kila tukilipa tusaini, na kadi irudi, tutaleta wenyewe. Chukueni shahidi, mjumbe au mtu mzima mnayemheshimu wote. Kama anataka 600,000 yote kwa mkupuo na hataki kidogo kidogo (wapo wa hivyo, maana riba ndo shamba lao), msimpe hela nje ya maandishi, ile 260,000 ikae mahali salama mpaka itimie, na hapo ndo mnaweza kulitaja suala la leseni na ile 3.5 kwa sauti ya upole, mbele ya shahidi. Kwa vyovyote namba ya siri isiendelee kuwa kwa mtu mwingine, aende benki aseme kadi haiko mikononi mwake apewe nyingine. Siyo kukimbia deni, deni mtalipa, ila hakuna mtu wa kumtolea mwalimu mshahara wake.

Halafu msidanganyike na vitu viwili. Benki ikipiga simu kumwambia mume wako anaweza kutopapu, yani kuongezewa mkopo juu ya ule wa zamani, akatae, mnaongeza miaka ya makato kulipa deni la miezi minne. Na zile programu za mikopo kwenye simu nazo muziache, mwezi wa 11 mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, na watu wanajua zinavyotuma meseji za aibu kwa kila namba iliyoko kwenye simu yako.

Upande wako wa jikoni, mtaji usiguswe. Saa 5 ukimaliza, kabla hujanyanyua sufuria, hesabu 45,000 ya kesho iweke peke yake, kwenye kopo, mkoba wa kiunoni, popote. Ndo ya kwanza kutoka. Halafu 10,000, halafu 3,000 ya kodi, kinachobaki ndo cha nyumbani. Siku umeuza vibaya punguza kwenye 10,000, mtaji uache, maana mtaji ukiyumba tu yule kijana anajua, anaona kwenye sufuria. Usiku mume wako aandike kwenye lile daftari, mwandiko wake mzuri, wewe unamtajia. Dakika tano zinatosha. Jumapili mnajumlisha. Na yeye mshahara ukiingia mwende wote kwa wakala, miezi hii ya mwanzo angalau, siyo kwa kulindana, ila mwone pamoja inavyotoka na inavyokwenda.

Ule ukurasa uliotoboka msiuchane, anzeni ukurasa wa pili.

Siku ya 18 itaangukia baada ya tarehe 20 ya mwezi huu. Yule kijana atakuja saa 4 kama kawaida, atakaa kwenye benchi, atasaini kisanduku cha mwisho, na atakuwa na fomu mpya mkononi, atakwambia mama wewe mteja mzuri sa hivi tunakupa 500,000. Muombe baba watoto siku hiyo, kama ratiba yake ya shule inaruhusu, apite stendini anywe chai yake pale pale muda huo. Na ya yule kijana siku hiyo, chai na chapati mbili, mwambie bei.

Anti